Wakikuita ukawe mkuu wa shule, na wewe unapenda chaki

Juzi nimepata ujumbe kutoka kwa mwalimu kijana wa Fizikia, yuko Kanda ya Ziwa. "Shikamoo mwalimu. Wameniita halmashauri, wanataka nikaimu ukuu wa shule. Mimi napenda darasa. Nikikataa wataniharibia?"

Marhaba, mdogo wangu. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu najua wenye swali lako ni wengi, na mimi nilipokuwa nalo sikupata wa kumuuliza.

Mimi ni mwalimu wa Hisabati, na nalisema hilo kwa kujivunia. Katika matokeo ya kidato cha nne ya 2023, ufaulu wa somo hili nchi nzima ulikuwa asilimia 25 hivi. Yaani kati ya watahiniwa wanne, watatu walitoka na F. Darasani kwangu mambo hayako hivyo. Wanakuja kidato cha tatu wakiwa wameshaaminishwa kwamba hesabu si za kwao, nawarudisha kwenye sehemu na namba hasi, asubuhi kabla ya kengele, mpaka wasimame wenyewe. Leo wengine ni wahandisi, wengine walimu, na wakinikuta stendi wananipokea mzigo.

Sasa mwalimu akifanya kazi namna hiyo, wakubwa humwona. Na zawadi wanayoijua ni moja tu: kumtoa darasani.

Mimi waliniita baada ya kukaimu wakati mkuu wetu alipokwenda masomoni. Nilikaimu vizuri. Bodi ilikaa kwa wakati, vocha zilikuwa sawa, wakaguzi hawakuacha hoja. Lakini niliiona kazi yenyewe. Mkuu wa shule ndiye katibu wa bodi, ndiye anayesimamia ruzuku ya elimu bila malipo, ndiye anayehesabu mifuko ya saruji fundi akijenga maabara, ndiye anayehakikisha kila malipo yameingia kwenye mfumo wa kompyuta wa hesabu za fedha za shule, na simu ya kikao cha ghafla halmashauri ikiita, ndiye anayepanda bodaboda. Kidato cha nne wangu walikuwa wamefika kwenye trigonometria, na mimi nimekaa kwenye foleni ya benki. Sijawahi kuumia kazini kama wiki zile.

Barua ya uteuzi ilipoanza kunukia, nilikwenda mwenyewe ofisini nikasema hapana, nikaacha na maandishi. Nikaambiwa mtu mzima naogopa majukumu. Ofisi ya walimu nayo ikasema yake: "Hataki kuacha hela za tuisheni." Hilo la tuisheni linaniuma mpaka leo, maana wale watoto wa asubuhi sijawahi kuwatoza hata shilingi mia. Akateuliwa mwenzangu niliyempokea mimi shuleni akiwa hajui hata ratiba inasomwaje. Ukweni wakauliza mbona yeye ana ofisi.

Tuzungumze fedha, kwa sababu nyumbani ndiko maswali yanakoanzia. Posho ya madaraka ya mkuu wa shule ya sekondari ni shilingi 250,000 kwa mwezi, milioni 3 kwa mwaka. Si ndogo, na nyumbani kwangu pengo lake lilionekana. Lakini posho hiyo ni ya kiti. Ukivuliwa madaraka kwa sababu ya hoja moja ya ukaguzi, nayo inakwisha. Daraja ni lako. Mwenye shahada anaanza TGTS D, yaani ngazi ya D ya mishahara ya walimu, anapanda E, F na kuendelea akiwa na chaki mkononi, na hatakiwi awe mkuu kwanza ndipo apande.

Najua kwa nini wengi hawaoni hivyo. Mwaka 2016 upandishaji madaraja uliposimamishwa kupisha uhakiki wa watumishi, miaka ilipita mishahara imelala palepale. Waliokimbilia madaraka wakati ule hawakuwa na uchu. Ulikuwa mlango pekee uliobaki wazi. Mserereko, yaani kupandishwa daraja ili kufidia miaka iliyopotea, ulipokuja kwa baadhi yetu, walimu wazuri wa sayansi walikuwa wameshahamia kwenye mafaili. Mimi siwalaumu. Naulaumu utaratibu unaomfanya mwalimu aone kwamba kubaki mwalimu ni kushindwa maisha.

Mkanada mmoja aliyeanzia kwenye ualimu, Laurence Peter, aliliandika jambo hili mwaka 1969 akiwa na Raymond Hull: mtu hupandishwa kwa sababu anaiweza kazi yake, hupandishwa tena, mpaka afike kwenye kazi asiyoiweza, na hapo ndipo hukaa. Mpaka hapo nakubaliana naye. Ila dawa aliyoitoa siikubali hata kidogo. Alishauri mtu ajifanye mzembe kwenye mambo madogo ili wakubwa wamruke. Mdogo wangu, usijifanye mzembe hata siku moja. Wanafunzi wanaona. Ukisema hapana, iseme ukiwa umefanya kazi kwa ubora wako wote, kipindi kwa kipindi, ili pasiwe na mtu wa kusema umekimbia.

Na usiwadharau waliokubali. Mkuu mzuri ni neema, na mimi nafundisha kwa amani kwa sababu yupo anayepanda ile bodaboda. Wapo waliozaliwa na kipaji hicho: anaingia shuleni, na ndani ya muhula vyoo ni safi, walimu wanafika, wazazi wanachanga. Kipaji ni amana. Kama hicho ndicho chako, kubali, na uombe upelekwe ADEM, chuo cha serikali cha uongozi wa elimu kule Bagamoyo, ukasomee uongozi wa shule mapema, usisubiri mpaka hoja ziwe zimeshakuandama.

Ila kama moyo wako uko maabara, nenda ofisini kabla barua haijatoka, maana kukataa uteuzi uliokwisha kusainiwa ni ugomvi. Waulize nani atachukua vipindi vyako vya Fizikia. Wakisema "tutaona", ujue hawajampata. Waambie unabaki, taja madarasa utakayoyabeba, na uombe yaandikwe kwenye malengo yako. PEPMIS, ule mfumo wa kompyuta wa kupima utendaji wa watumishi, ijaze kwa wakati, kwa sababu daraja lako linapitia humo. Kisha andika barua fupi ya heshima kupitia kwa mkuu wako, na nakala ubaki nayo.

Ukishaiandika nitumie niisome kabla hujaipeleka. Simu yangu iko wazi mpaka saa nne usiku.