Umwagiliaji wa matone kwa mserereko: hesabu sentimita kabla ya kununua mpira

Msimu mzima niliyaona matuta yangu mawili ya mwisho yakinyauka huku tuta la kwanza likigeuka tope. Matuta yote yalikuwa 8, kila moja lina urefu wa mita 10 na mipira 2 ya matone, yote yakinywa kutoka tangi moja la lita 500 lililokaa juu ya matofali. Hakukuwa na pampu wala umeme. Maji yalishuka yenyewe, yaani kwa mserereko, nami niliamini kwamba maadamu yanashuka, yatafika. Yalifika kweli, ila yakiwa yamechoka.

Wazo langu la kwanza lilikuwa kuongeza tangi kubwa zaidi. Nashukuru sikulifanya, kwa sababu ukubwa wa tangi hauongezi presha hata kidogo. Tangi la lita 5,000 na ndoo ya lita 20, uso wa maji ukiwa kwenye kimo kimoja, vinasukuma maji kwa nguvu ileile. Tangi kubwa linakupa muda mrefu zaidi wa kumwagilia, basi. Kinachosukuma ni kimo: umbali wa kwenda juu kutoka kwenye mpira uliolala tutani hadi kwenye uso wa maji ndani ya tangi. Mita 10 za kimo ndizo zinazotoa takriban bar 1, bar ikiwa kipimo cha presha. Wengi wetu tunaojenga kijukwaa nyumbani tuna mita 1, labda mita 1 na nusu. Yaani tunaendesha bustani nzima kwa sehemu moja ya kumi ya bar, wakati vifaa vingi vya matone vimetengenezwa kwa hesabu ya bar 1.

Hilo halimaanishi kwamba haiwezekani. Inawezekana vizuri sana, na mimi sasa sitaki pampu hata nikipewa. Lakini ukiwa na mita 1 tu, kila sentimita ni mtaji, na lazima ujue inatumika wapi.

Kuna kipimo kimoja ambacho natamani ningekijua mapema. Chukua kipande cha mpira mwembamba unaoona ndani, urefu wa mita 2 hivi. Fungua kizibo cha mwisho wa mpira wa matone, chomeka hicho kipande hapo, kisha kisimamishe wima huku maji yakiendelea kumwagilia kama kawaida. Maji yatapanda ndani yake, yatayumba kidogo, yatatulia. Kimo yalipotulia ndiyo presha uliyobaki nayo mahali pale. Huhitaji geji. Geji nyingi za kawaida hazioni hata tofauti ndogo kiasi hiki.

Nilipofanya hivyo kwenye tuta la kwanza, tangi likiwa limezidi nusu kidogo, maji yalisimama sentimita 98 juu ya mpira. Nikaenda tuta la nane, nikapiga magoti, nikasimamisha mpira. Sentimita 16. Nilirudia mara tatu nikidhani nimekosea. Kisha nikaweka makopo madogo chini ya vitundu vya kutolea matone vya matuta yote mawili kwa dakika 15: tuta la kwanza kopo lilipata mililita 155, la nane mililita 62. Mimea ilikuwa imeniambia jambo hilohilo kwa miezi miwili.

Sasa, zile sentimita nyingine zilikwenda wapi? Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo.

Kwanza, ardhi. Shamba langu kwa macho ni tambarare. Nilipopima kwa mpira wa maji, ule mpira mrefu unaoona ndani ambao mafundi ujenzi hutumia kutafuta usawa wa msingi, niligundua kwamba tuta la nane liko sentimita 40 juu ya lile la kwanza. Mtu mwenye pampu hajali sentimita 40. Mwenye kimo cha mita 1 amepoteza karibu nusu ya alichonacho kabla maji hayajatembea. Tangi nilikuwa nimeliweka upande wa chini, karibu na mlango, kwa sababu ndiko kulikokuwa rahisi kulijaza.

Pili, bomba kuu. Nilitumia mpira mwembamba wa kunyunyizia bustani, wenye tundu la ndani la milimita 10 hivi, kwa sababu nilikuwa nao tayari. Maji yakipita kwenye njia nyembamba husuguana na kuta, na msuguano huo hulipwa kwa kimo. Watu wengi hawajui jinsi jambo hili lilivyo kali: ukiongeza upana wa ndani wa bomba mara mbili, kwa kiasi kilekile cha maji, upotevu hushuka karibu mara 30. Si mara mbili, wala mara nne. Kwa hiyo fedha ya kwanza itumike kwenye bomba kuu pana, la milimita 32 au 25 hivi, hata kama bustani ni ndogo na linaonekana kubwa kupita kiasi. Mipira ya matone yenyewe inaweza kubaki ya milimita 16.

Tatu, vitu vidogo vinavyokaa njiani. Koki ambayo hata ikifunguliwa yote inaacha kijitundu cha kupenya kalamu. Viungo vya kona. Chujio dogo lililojaa uchafu. Kila kimoja kinakula sentimita zake. Tumia koki za kuzungusha robo, zile ambazo zikifunguka njia inakuwa wazi kabisa, na chujio lichague kubwa kuliko bomba linavyodai. Usilifute chujio kwenye mpango ukisema linapunguza presha. Tundu la kutolea tone ni jembamba mno, na kwa presha ndogo maji hayana nguvu ya kuusukuma mchanga utoke. Wavu wa mikroni 130 hivi, yaani wenye matundu ya milimita 0.13, unatosha kwa vifaa vingi.

Nilihamisha tangi hadi upande wa juu wa shamba, nikabadilisha bomba kuu, nikaweka koki ndogo kwenye mwanzo wa kila tuta. Kimo cha kijukwaa sikukigusa. Makopo yakaonyesha mililita 155 upande wa juu na karibu 180 upande wa chini, kwa kuwa sasa mteremko ulikuwa ukinisaidia badala ya kunipinga. Nikazibana kidogo koki za matuta ya chini mpaka zikafika 160. Ukiwa na mteremko, bomba kuu lishuke na mteremko, lakini mipira ya matone ilale kwa kukata mteremko, kila mmoja kwenye usawa wake. Mpira wa matone unaoshuka mlima humwaga maji mengi zaidi mwishoni.

Kuhusu kununua vitundu vyenyewe, naomba unisikilize vizuri kwa sababu hapa nilipoteza fedha. Kuna aina inayosifiwa kwamba hutoa kiasi kilekile hata presha ikipanda na kushuka. Ndani yake kuna kiwambo cha mpira kinachobana na kuachia njia. Ni kifaa kizuri sana, lakini vingi vya aina hiyo vinahitaji nusu bar au zaidi ili kufanya kazi sawasawa, na nusu bar ni kimo cha mita 5. Kwa mita 1, vingine vyangu vilitoa na vingine vilikaa kimya kabisa. Kwa mserereko chukua vile vya kawaida visivyo na kiwambo, au mipira ambayo karatasi yake inasema wazi kwamba inafaa presha ndogo. Navyo uvifahamu tabia: presha ikishuka hadi robo, maji yanayotoka hushuka hadi nusu. Kitundu kilichoandikwa lita 2 kwa saa kwenye bar 1 kitakupa lita 0.6 na kidogo kwenye kimo cha mita 1. Usishangae, wala usikirudishe dukani. Mwagilia kwa muda mrefu zaidi.

Saa za kufungulia maji, yaani vifaa vinavyofungua maji vyenyewe kwa wakati uliopangwa, nazo zina mtego huo. Nyingi zina vali inayosaidiwa na presha ya maji ili ifunguke. Kwenye mserereko inalia "tik" na maji hayaji. Tafuta ile ambayo mota yake inazungusha koki yenye tufe ndani, iliyoandikwa kwamba inafanya kazi hata bila presha. Au fungua kwa mkono. Mimi hufungua kwa mkono na sioni tabu, maana ndiyo nafasi yangu ya kupita kila tuta.

Hesabu ya maji si ngumu. Milimita 1 ya maji juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 kamili. Mboga zilizokomaa, wakati wa jua kali na ukame, hunywa kama milimita 4 hadi 6 kwa siku. Matuta yangu ni mita za mraba 80, kwa hiyo lita 400 hivi, ambazo vitundu vyangu huzitoa kwa saa moja na robo. Ndani ya kitalu nyumba upepo hauukaushi mmea kama nje, lakini pia mvua haifiki kamwe; ukisahau siku mbili, hakuna wa kukusaidia. Udongo wa kichanga huuacha unyevu ushuke moja kwa moja chini, kwa hiyo vitundu viwe karibukaribu, sentimita 20 hivi, na maji yagawanywe asubuhi na jioni. Mfinyanzi husambaza unyevu pembeni, na sentimita 30 hadi 40 zinatosha. Chimba kwa mkono saa moja baada ya kufunga maji uone unyevu umefika wapi. Hakuna jedwali linalokushinda wewe kwa hilo.

Tangi nalo linapoisha, kimo kinaisha pamoja nalo. Tangi langu lina kimo cha sentimita 90 juu ya kijukwaa cha sentimita 50. Likijaa nina mita 1 na 40, likikaribia mwisho nina nusu mita, na matone yanapungua kwa zaidi ya theluthi. Tangi pana na fupi lina utulivu zaidi kuliko refu na jembamba. Anayetaka utulivu kamili aweke chombo kidogo chenye boya kati ya tangi na bomba kuu, ili maji yaanze safari kwenye kimo kilekile siku zote. Mimi sijaweka, kwa sababu upungufu huo unayapata matuta yote kwa kiasi kinachokaribiana, na usawa ndio ninaoujali.

Kijukwaa kisichukuliwe kimzaha. Lita 1 ni kilo 1. Tangi langu likijaa ni nusu tani juu ya matofali, na udongo wa chini yake hulowa kila mara. Nimeona kijukwaa cha mbao kikilala upande mmoja polepole, siku baada ya siku, mwenyewe asione. Weka msingi mpana, na watoto wasichezee chini yake.

Hewa ni adui asiyeonekana. Bomba likipanda juu ya jiwe au mzizi kisha likashuka tena, hewa hukaa kwenye nundu hiyo na maji ya presha ndogo hayawezi kuisukuma. Tuta zima linakauka na wewe unatafuta uchafu ambao haupo. Nilihangaika nusu siku na nundu ya kimo cha ngumi tu. Laza bomba kuu lishuke mfululizo, na pale ambapo nundu haikwepeki, toboa uweke kijibomba kilichosimama wima, mdomo wake ukiwa juu kuliko uso wa maji wa tangi. Hewa itatoka yenyewe.

Tangi liwe jeusi au lifunikwe lisipitishe mwanga, la sivyo ukoga wa kijani utaota na kuziba kila kitu. Mdomo wake uwe na wavu mzito kuzuia mbu. Tundu la kutolea maji likae sentimita 10 juu ya sakafu ya tangi ili tope libaki chini. Mbolea ya kuyeyusha ukiitia tangini, iwe inayeyuka kabisa, na ikiisha pitisha maji matupu kwa dakika 20 kabla hujafunga.

Na kila wiki fungua vizibo vya mwisho wa mipira, tuta moja moja, si yote kwa pamoja, kwa sababu presha haitoshi kuisafisha yote kwa wakati mmoja. Inama uangalie. Maji ya kwanza hutoka ya kahawia, pamoja na vijipande vya ukoga na chembe za mchanga. Yaache yatiririke mpaka yawe meupe, kisha funga, nenda tuta linalofuata.