Si kila gari la babu ni Pijo

Picha yenyewe inatoshea kwenye kiganja, nyeusi na nyeupe, kingo zake zimekatwa meno-meno kama msumeno. Marehemu babu, mzaa mama, ameketi kwenye boneti, kofia ameilaza upande, amempakata mtoto wa kike. Kwetu Nakuru picha hii ilikuwa na jina lake: "Babu na Pijo yake, 1958." Nilipoanza kuingiza picha za familia kwenye kompyuta nilianza na hiyo, nikidhani haina kazi.

Kujua ni gari gani hasa, na la mwaka gani, kulinila wiki tatu.

Kosa langu la kwanza ni kuipiga kwa simu ikiwa bado kwenye albamu, plastiki juu yake, mwanga wa balbu umetua katikati ya grili. Programu ya simu ikajibu papo hapo: Peugeot 404. Nikafurahi, si ndivyo tulivyoambiwa tangu utotoni? Kisha nikagundua kwamba 404 ilitoka mwaka wa 1960. Basi ama gari si hilo, ama mwaka si huo.

Kwa hiyo usifanye kama mimi. Itoe picha taratibu (iliyogandishwa kwa gundi iache ilipo), uipeleke saiba, uwaombe waiskani kwa nukta 1200 kwa inchi. Watataka kuipitisha haraka kama cheti cha kuzaliwa. Kataa kwa upole. Ukiikuza ndipo utaona vitu ambavyo jicho lilivipita.

Kwanza angalia usukani. Magari yetu huendeshwa kutoka kulia. Ukiuona kushoto, huenda picha ilisafishwa ikiwa imegeuzwa, na hapo hata herufi za namba zitasomeka kinyume. Namba nazo zinasema mengi. Za Kenya za enzi hizo ni herufi tatu zinazoanza na K, kisha tarakimu, basi. Ile herufi ya mwisho tuliyoizoea ilikuja mwishoni mwa miaka ya 80. Ikianza na U, gari ni la Uganda, na kwa watu wa Kisumu na Busia hilo si jambo la kushangaza.

Sasa turudi kwa babu. Huku kwetu kila gari la zamani lenye mapezi nyuma huitwa Pijo, na si bure. Peugeot 404 ilishinda Safari Rally mwaka wa 1963, kisha 1966, 1967 na 1968 mfululizo. Baadaye zile stesheni wagoni zao zikasafirisha watu kati ya miji, tumebanana safu tatu, kuku chini ya kiti. Jina likameza mengine yote. Shida ni kwamba nyumba ya usanifu ya Pininfarina kule Italia, iliyochora 404, ndiyo pia iliyowachorea Waingereza Austin Cambridge na Morris Oxford zilizotoka 1959. Ukiziangalia kwa mbali ni ndugu wa tumbo moja.

Nikampelekea fundi mmoja mzee wa jua kali, aliyeshika spana kabla sijazaliwa.

"Mzee, hii si Pijo 404?"

"Nani alikuambia?"

"Mjomba."

"Wakati huo mjomba wako alikuwa na miaka mingapi?"

"Minne hivi."

Akacheka, akatoa miwani mfukoni, akaisogeza picha iliyokuzwa karibu na dirisha. Hakuangalia grili wala taa. Aliweka kucha yenye grisi kando ya goti la babu, juu ya nembo ndogo kwenye pua ya boneti. "Simba wa Pijo za enzi hizo alisimama kwa miguu ya nyuma, kama mtu anayetaka ngumi. Huyu wako hajasimama hivyo, anatembea. Tena ana pembe."

Alikuwa ng'ombe. Nembo ya Morris ni maksai anayevuka maji, kwa sababu jina la mji wa Oxford maana yake ni kivuko cha maksai. Nilikuwa nimeikodolea macho ile nembo siku kumi na tano nikiona simba, kwa kuwa nilikuwa natafuta simba.

Mwaka nao ukahitaji hesabu nyingine. Gari hukupa mwanzo tu: hii haikupigwa kabla ya 1959. Mwisho haikupi, maana watu wetu huendesha gari mpaka sakafu itoboke. Kilichonisaidia ni mtoto. Ni shangazi yake binamu yangu, alizaliwa 1961, na pichani anaonekana wa miaka miwili. Kwa hiyo ni 1963 hivi.

Kuna magari mengine yasiyosumbua. Volkswagen ile ya mgongo wa kobe, tazama kioo cha nyuma: kikiwa kimegawanywa mara mbili, ilitengenezwa kabla ya katikati ya 1953, kikiwa na umbo la yai, kabla ya katikati ya 1957. Morris Minor yenye kioo cha mbele chenye mstari katikati ni ya kabla ya mwisho wa 1956. Land Rover ni taa. Wakwe zangu wa Kisumu wana picha karibu na ziwa waliyoamini ni ya siku za Uhuru, 1963. Lakini taa za mbele ziko kwenye madigadi, na Land Rover walianza kuzihamishia huko mwaka wa 1968. Zamani zilikuwa ndani, kando ya grili. Sikulisema mezani. Mkwe hasahihishwi akiwa na chapati mkononi.

Mjomba hakupendezwa. "Baba yangu hakuwa na Morris," alisema, na huenda ni kweli, maana siku hizo mtu aliegemea gari lolote lililosimama mahali pazuri. Ukishajua jina la gari, usiseme bado la nani.

Nyuma ya picha niliandika kwa penseli laini, kalamu ya wino hukandamiza mpaka alama itokee upande wa sura: "Morris Oxford, si kabla ya 1959." Nilipoirudia wakati wa Krismasi nilikuta neno moja chini yake, kwa biki ya bluu, limekandamizwa hasa: "Pijo."