Vidole Vyangu Havitaki Sura Mpya

SWALI: Nina miaka tisa nikichapisha jarida letu kwa programu huria. Juzi nimesasisha, nikakuta kila aya imefungiwa kwenye kisanduku chake na menyu ya kushoto imetoweka. Kazi ya dakika kumi sasa inanila saa nzima. Wenzangu wanacheka, wanasema nimezeeka. Niizoee au nihame?
Mhariri Aliyechoka

JIBU: Hujazeeka, mhariri mwenzangu. Vidole vyako vilikuwa vinakwenda vyenyewe. Leo vinalazimika kusubiri macho yasome kila kitufe. Hiyo saa imepotelea hapo.

Hukuitaja programu yako, basi nitolee mfano yangu: WordPress, programu huria ya kuendesha tovuti. Toleo lake la 5.0 lilipoleta kihariri cha bloku (kila aya kisanduku chake, kama kwako), Desemba 2018, mimi nilisakinisha Classic Editor, nyongeza (programu-jalizi) inayorudisha kihariri cha zamani, siku hiyohiyo, nikajifungia humo zaidi ya mwaka. Tulikuwa wengi: programu-jalizi hiyo imewekwa kwenye tovuti zaidi ya milioni 5. Iliahidiwa huduma hadi mwisho wa 2021, muda ulipofika ikaongezewa. Wenye hasira kutuzidi walichukua msimbo wa WordPress yenyewe, maana leseni yake huria, GPL, inaruhusu, wakaanzisha programu yao, ClassicPress. Ukihamia njia kama hiyo, uliza kwanza nani anaziba mianya ya usalama, na programu-jalizi unazozitegemea zitakubali kufanya kazi huko?

Kuhusu menyu, usihame kwa sababu hiyo. Tangu toleo 5.4 la Machi 2020, kihariri cha WordPress hufunguka kwa skrini nzima na kuificha. Ukizima hali hiyo kwenye vitone vitatu vya juu, inarudi. Yako huenda ina swichi ya namna hiyo. (Menyu yenyewe ya kushoto, tunayoililia kama urithi wa babu, ililetwa na toleo 2.7 mwaka 2008.)

Lakini wasikunyamazishe kwa neno "mazoea". Watumiaji wa visoma-skrini, programu zinazowasomea wasioona, walilalamikia kihariri kile cha bloku kwa haki. Mwaka 2019 ukaguzi huru ukachapishwa, ukitaja kasoro mojamoja, na watengenezaji wakapata cha kushika. "Irudisheni!" haimpi mtu kazi ya kufanya. Andika hivi: "Kuweka maelezo ya picha kulikuwa mibofyo miwili, sasa ni mitano," uambatishe picha ya skrini.

Wakati ukisubiri, rudisha kihariri cha zamani kwa toleo linalofuata la jarida, kisha tengeneza nakala ya tovuti na ujaribie humo makala moja isiyo na haraka. Kusasisha wiki ya kufunga kurasa, hapana. Mimi niliwahi, na jarida likatoka bila ukurasa wa barua.