Mheshimiwa kaja na moto: majibu ya maswali ya Bazi

Bazi ni utabiri wa Kichina unaosoma nguzo 4: mwaka, mwezi, siku na saa ya kuzaliwa. Kila nguzo ina shina (elementi) na tawi (mnyama). Nusu ya maswali ya safari hii ni picha za simu. Programu ya Bazi imeandika "nyota nzuri 5, nyota mbaya 4", na mwenye simu anauliza zipi zinashinda. Ndugu zangu, hizi si pointi za ligi. Nimechambua machache.

Nimezaliwa 10 Februari 1988. Programu moja inaniita Sungura, nyingine Joka. Nishike ipi?

Joka. Mwaka wa Bazi unaingia kwa Lichun, mwanzo wa majira ya kuchipua ya Kichina, mnamo Februari 4. Hausubiri sikukuu ya mwaka mpya wa Kichina, ambayo mwaka ule iliangukia Februari 17. Hili nimeshalijibu mpaka nimechoka.

Nina Ua la Mpichi na hapohapo nina Nyota ya Upweke. Nitaolewa au sitaolewa?

Ua la Mpichi, nyota ya mapenzi, hutafutwa kwa tawi la mwaka: ukizaliwa mwaka wa Chui, Farasi au Mbwa, ua lako ni Sungura popote atakapotokea kwenye nguzo nyingine tatu. Kwa hesabu hiyo karibu mtu 1 kati ya 4 analo. Daladala ikibeba watu 30, saba au wanane wana Ua la Mpichi, na huenda konda naye yumo. Tangu Xu Ziping, mwalimu wa Bazi wa enzi za Song huko Uchina, mwenye nyumba ni shina la siku, na nyota hizi ni wageni wa sebuleni. Habari za mume zianzie kwenye elementi inayolitawala shina hilo, kisha tawi la siku, ambalo ndilo chumba cha ndoa. Wewe hata siku hukuniandikia.

Nimezaliwa Kigoma, 15 Juni 1990, saa 4 asubuhi, pacha na kaka yangu. Nina Nyota ya Mheshimiwa, ile ya msaidizi, mara mbili, na programu inasema tangu 2023 niko kwenye muhula wa Mheshimiwa. Mbona ndiyo mambo yanazidi kuharibika, na ya pacha wangu yananyooka?

Hatimaye mtu kaleta tarehe, saa na mahali. Asante, dada.

Mwaka wako ni Geng-Farasi (shina, kisha tawi), mwezi Ren-Farasi, siku Xin-Nguruwe. Wewe ni Xin, dhahabu ya sonara, umezaliwa katikati ya kiangazi cha Uchina, moto umepamba. (Wapo wanaogeuza misimu kwa sisi wa kusini mwa ikweta. Mimi sigeuzi.) Mheshimiwa wa Xin hukaa kwa Chui na kwa Farasi. Na Farasi ni nini kama si moto? Anayekusaidia na anayekuyeyusha ni mtu mmoja. Programu inaona cheo chake, haioni kwamba kaja na jiko. Kinachokuhifadhi ni maji: Ren wa mwezini, na Nguruwe uliyemkalia.

Twende kwenye mihula, vipindi vya miaka kumikumi. Mwaka wa Geng ni wa yang (upande wa kiume) na wewe ni mwanamke, kwa hiyo mihula yako inarudi nyuma. Kutoka siku uliyozaliwa kurudi hadi Mangzhong, mwanzo wa mwezi wako wa Bazi, Juni 6, ni kama siku 9. Kila siku 3 ni mwaka 1, basi ulianza ukiwa na miaka 3: Xin-Nyoka, Geng-Joka, Ji-Sungura, na tangu 2023 Wu-Chui. Wu ni udongo mkavu, unaziba maji ya Ren. Chui anamvuta Nguruwe, maji yako yanageuka kuni, kisha Chui huyohuyo anashikana na Farasi wako wawili. Ndiyo, ni Mheshimiwa wa tatu, na kashika debe la petroli. Mwaka 2026, Bing-Farasi, unachochea.

Pacha wako ni mwanamume, mihula yake inakwenda mbele. Hadi Xiaoshu, mwanzo wa mwezi unaofuata, Julai 7, ni kama siku 22, yaani miaka 7 na miezi 4. Alipita Gui-Mbuzi na Jia-Nyani, na tangu 2017 yuko Yi-Jogoo. Jogoo ni chuma kitupu, ni nyumbani kwa Xin. Ila mwambie asijisahau: mwishoni mwa 2027 anaingia Bing-Mbwa, na Mbwa ni ghala la moto.

Sasa saa. Saa ya Tanzania imepimwa kwa longitudo 45, Kigoma iko karibu 29.6. Jua la kwenu liko nyuma ya saa ya ukutani kwa saa 1 na kidogo, hivyo saa 4 yako ni saa 3 kasoro dakika mbili za jua. Bazi hugawa siku kwa zamu za saa 2: ya Joka ni saa 1 hadi 3, ya Nyoka ni 3 hadi 5. Umesimama kizingitini! Ukiwa Ren-Joka una udongo mbichi wenye maji juu yake, utahimili. Ukiwa Gui-Nyoka ni moto juu ya moto, na Nyoka anampiga Nguruwe. Muulize mama: ilikuwa saa 4 kamili, au "kama saa nne hivi"? Na nani Kulwa, nani Doto? Mkipishana hata dakika 10 mnaweza kuwa zamu mbili tofauti.

Kabla hujanijibu, usimdhamini mtu mkopo.

Mimi ni Panya, na 2026 Farasi ananigonga. Nimekwisha?

Chati ina herufi 8. Umeniletea moja.

Kuna mtu kanipigia, anataka 180,000 aniondolee Makali ya Kondoo kabla muhula mpya haujaingia.

Makali ya Kondoo, nyota ya nguvu kali iliyomo kwenye chati, hayaondolewi, kama ambavyo huwezi kuondolewa Jumanne uliyozaliwa. Tena mwenye shina dhaifu huyatamani, maana ndiyo yanayomsimamisha. Huyo ni yuleyule wa "ile hela tuma kwa namba hii", safari hii kavaa hariri. Na kama ulishamtajia tarehe na saa yako ya kuzaliwa, tarajia simu ya pili. Atakuwa amekuvumbulia nyota nyingine.