Jumamosi moja Kisumu na watoto wa miaka 4 na 9

Dada, umeuliza uwapeleke wapi watoto siku hiyo, na kama uanze na boti ziwani. Kwa watoto wa umri huo usianze na boti. Anza na wanyama asubuhi, kabla jua halijachoma. Hifadhi ya Impala iko kando ya Ziwa Victoria, mwendo mfupi wa tuktuk kutoka mjini. Kiingilio hulipwa kwa njia ya kidijitali kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa hivyo fungua akaunti ukiwa nyumbani, usihangaike na mtandao langoni. Chakula kiwe ndani ya mkoba uliofungwa: tumbili wa pale humpokonya mtoto ndizi mkononi, na mtoto aking'ang'ana nayo ndipo hukwaruzwa.

Jua likipanda, nendeni Makumbusho ya Kisumu. Kuna nyoka, samaki wa ziwani na boma la Kijaluo ambalo yule wa miaka 9 atalifurahia zaidi.

Boti ya Dunga, ufukwe ulio karibu na mji? Inawezekana baada ya wanyama, lakini iwe bado asubuhi, maana alasiri upepo huchafua ziwa. Mvalishe mtoto jaketi la kuokolea kwanza, kisha umwinue kwa mabega ya jaketi. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa mno na litamchomoka majini. Wakikosa saizi yake, msipande. Wasichezee maji ya ufukweni pia: konokono wa maji hayo hueneza kichocho, na kimelea hupenya ngozi hata isiyo na kidonda.

Kit Mikayi, ile miamba mikubwa iliyopandana, iacheni siku nyingine. Ni mbali, na kupanda mawe yale kutamchosha mdogo.