Kwa kaka aliyeuliza kuhusu mdogo wake na filamu za vijana

Asalaam alaykum kaka. Nimeusoma uzi wako na majibu yote yaliyotangulia. Unasema mdogo wako wa kike ana miaka 16, usiku kajifunika shuka na simu yake anaangalia filamu za wanafunzi wa nchi za nje, na kila ukichungulia unakuta mvulana na msichana. Unauliza kama zinamharibu. Unauliza tena kama urafiki wa mvulana na msichana usio na mapenzi ndani yake upo duniani, au wameutunga tu. Wengi hapa wamekwambia umnyang'anye simu yaishe. Mimi nina maneno mengine, nayo ni marefu, kwa hiyo kaa kitako.

Mimi mtu wa Wete, Pemba, sasa naishi Unguja. Nimekulia dukani kwa kaka yangu aliyekuwa akikodisha kanda za video. Kazi yangu nikitoka chuoni (madrasa) jioni ilikuwa kuzirudisha kanda mwanzo, maana watu walizileta zimesimama popote pale umeme ulipowakatikia. Nyingi zilikuwa za Kihindi. Baadaye zikaja sidii, zikaja flashi, na sasa watoto wa kaka huyo huyo wananiletea simu zao: "Shangazi, hebu tazama hii." Natazama. Nimetazama nyingi kuliko inavyompasa mtu wa umri wangu.

Na nilichokiona ni kwamba kwenye filamu ya ujana iliyotengenezwa vizuri, mapenzi ni kisingizio. Habari yenyewe ni ya rafiki. Nani aliwekwa kando mpenzi alipoingia, nani alirudiwa, nani hakurudiwa tena. Basi ukikaa kuangalia na mdogo wako usimkodolee macho mpenzi, mkodolee rafiki.

Tuanze na ya nyumbani, maana za Kihindi kwetu ni za nyumbani. Kuch Kuch Hota Hai ya mwaka 1998 ilikodishwa pale dukani mpaka kanda ikaanza kuonesha chenga. Shah Rukh Khan ni Rahul, Kajol ni Anjali. Wanasoma chuo kimoja, wanacheza mpira wa kikapu, wanagombana na kupatana kutwa nzima. Anaingia Tina, binti wa mkuu wa chuo, katoka kusoma Uingereza, na Rahul anamwendea Anjali kumweleza anavyompenda mwingine. Wasichana wa Wete walikuwa wakilia hapo, na mimi nikilia nao.

Nilipokua ikanikera. Miaka inapita, Tina amefariki, Anjali anarudi na nywele ndefu na sari, na hapo ndipo Rahul anapomuona kuwa ni mwanamke. Wanacheza tena kikapu. Sari inamtatiza, anashindwa mchezo ambao zamani alikuwa akimshinda. Yaani yule rafiki amepata mume kwa kuacha kila kitu kilichomfanya awe rafiki! Na hiyo, kaka, ni filamu tuliyokuwa tukiiangalia sebuleni na wazee, hakuna aliyeona haya wala aliyemwambia mtoto atoke nje. Usidhani kinachomkaa mtoto kichwani lazima kiwe kile kinachokufanya wewe ugeuze uso.

(Na wazee wanaoguna kuhusu simu za vijana, waulize kuhusu Bobby ya Raj Kapoor, ya mwaka 1973. Mtoto wa tajiri na binti wa mvuvi, wamependana, wamekatazwa, wametoroka. Utashangaa nani anazijua nyimbo zake zote.)

Sasa linganisha na Lady Bird, ya Greta Gerwig, ya 2017. Msichana wa mwaka wa mwisho wa sekondari mjini Sacramento, Marekani, skuli ya Kikatoliki, mama yake nesi, nyumbani fedha za kuhesabu. Ana rafiki wa roho anaitwa Julie, mnene, mcheshi, hodari wa hesabu. Anamtupa Julie ili awe na msichana tajiri na mvulana anayejifanya amechoshwa na dunia. Halafu inafika usiku wa sherehe ya kumaliza skuli. Wamo garini wanne, wenzake wanasema sherehe ni upuuzi, bora waende kwa fulani. Wimbo unapigwa redioni, wenzake wanaucheka, yeye anaupenda. Anawaambia wampeleke kwa Julie. Anamkuta Julie nyumbani peke yake analia, wanakula jibini, wanavaa, wanakwenda sherehe wao wawili. Basi. Mvulana haonekani tena kuwa na maana yoyote.

Mle ndani kuna na Danny, mvulana wake wa kwanza. Anamkuta na mvulana mwenzake, wanaachana. Baadaye Danny anamfuata kazini kwake, analia, anamwomba asimwambie mtu. Yule msichana, ambaye ana kila haki ya kumkasirikia, anamkumbatia na siri inakaa hapo. Sijui uhusiano huo utauita nini. Si wapenzi tena, marafiki hawajawa, lakini mmoja ameshika maisha ya mwenzake mkononi na hakuyaangusha. Nitasema wazi kwamba filamu hii ina mambo ya kitandani na matusi, kwa hiyo itazame kwanza wewe ndipo uamue.

Kuhusu swali lako la pili, la urafiki wa mvulana na msichana usio na mapenzi.

Kwetu Pemba karafuu zikishachumwa zinaletwa nyumbani kwa magunia, na usiku watu wanakaa kwenye mkeka kuchambua. Unashika kishada, unakisukuma kwenye kiganja, karafuu zinadondoka huku, makonyo (vijiti vyake) unatupa kule. Baada ya muda vidole vinakuwa vyeusi, vinanata, na harufu haitoki kwa sabuni yoyote. Kazi haitaki akili, kwa hiyo watu wanazungumza. Kulikuwa na mtoto wa jirani, tumesoma naye chuo kimoja cha Kurani tangu alifu, herufi ya kwanza. Yeye alikuwa akinihadithia filamu za ngumi alizoziona kwenye banda la video, mahali ambapo msichana hakanyagi. Mimi nilikuwa nikimhadithia za Kihindi nilizoziona dukani. Tulikuwa na mpango kabisa: leo yangu, kesho yako, na aliyesinzia kapoteza zamu.

Nilipovunja ungo nikahamishiwa kwenye mkeka wa wanawake. Hakuna aliyetugombeza, hakuna aliyetutuhumu. Mkeka ulibadilika tu na hadithi zikakatikia hapo, ya kwake moja ikiwa nusu. Kulikuwa na mapenzi? Wallahi hapakuwa. Leo tukikutana bandarini Mkoani tunasalimiana, ananiuliza watoto, namuuliza mke wake, kila mtu anashika mzigo wake. Kwa hiyo upo, kaka. Kilichokosekana kwetu ni mahali pa kuuweka. Yule si ndugu, si mchumba, na mtu asiye mojawapo akishafika umri fulani hana nafasi barazani.

Ndiyo maana Wadjda ilinishika. Ni ya Saudi Arabia, ya 2012, imetengenezwa na mwanamke, Haifaa al-Mansour. Mtoto wa kike wa Riyadh anataka baskeli ya kijani. Hana fedha, kwa hiyo anajiandikisha kwenye mashindano ya Kurani ili apate zawadi. Abdullah, mvulana wa mtaani kwao, anamfundisha kuendesha juu ya paa la nyumba, watu wasione. Mdogo wako hataihitaji tafsiri ya mambo hayo: tajwidi (kanuni za kuisoma Kurani) inayosahihishwa mbele ya wenzio, kijasho cha kupanda jukwaani, mwalimu mkuu anayekujua tabia yako. Anashinda, anaulizwa fedha atafanyia nini, anajibu ukweli kuwa atanunua baskeli. Mwalimu anatangaza papo hapo kuwa fedha hizo zitapelekwa Palestina. Na Abdullah, mtoto mdogo yule, yumo kila anapohitajika, bila kelele. Ndiyo, anasema akikua atamuoa. Watoto husema hivyo. Filamu inamwacha aseme na inaendelea na baskeli.

Mustang ya 2015 ndiyo nzito. Ni ya Kituruki, ya Deniz Gamze Ergüven, ndugu watano wa kike, mayatima, wanalelewa na bibi yao kijijini karibu na bahari. Siku ya mwisho ya skuli wanaingia majini na sare zao, wanakaa mabegani mwa wavulana, mchezo tu. Nguo hazijakauka, jirani keshafikisha habari. Wapigwe. Simu zifichwe, madirisha yatiwe vyuma, nyumba igeuzwe darasa la kupika na kushona, posa zianze kuingia moja moja. Kuna pahala wanatoroka kwenda kuangalia mpira siku ambayo wanaume wamezuiwa uwanjani. Shangazi yao anawaona kwenye televisheni, na ili wanaume wa nyumbani wasiwaone anaharibu umeme wa kijiji kizima. Watoto wa kaka yangu walicheka mpaka machozi. Kisha wakanyamaza, maana baada ya hapo hakuna cha kuchekesha.

Mdogo wa wale ndugu, Lale, anapata rafiki: Yasin, dereva wa lori, mtu mzima, nywele ndefu. Anamwomba amfundishe kuendesha gari, naye anamfundisha. Tulipomaliza, mtoto wa kaka wa miaka 15 akaniuliza, "Shangazi, kwani yule Yasin alikuwa anataka nini?" Nikamwambia hakutaka kitu. Hakuniamini. Aliingoja filamu nzima ile saa ambayo Yasin atadai malipo, na saa hiyo haikufika. Nilikaa na swali lake siku nyingi. Mtoto amelelewa vizuri, amefundishwa kujihadhari, na anafanya vyema kujihadhari, maana kwenye filamu hiyo hiyo anayewadhuru wasichana usiku ni mwanamume wa ndani ya nyumba, mtoto wa bibi yao. Wa nje aliyetiliwa shaka ndiye aliyemsaidia kupona. Hilo sikuweza kumwelezea kwa maneno yangu hata mara moja. Filamu imemwelezea, tena bila kumwambia aache kujihadhari.

Mchangiaji mmoja hapo juu ametaja Rafiki ya Kenya, ya Wanuri Kahiu, kana kwamba filamu zote hizi zinaishia huko. Hiyo ya 2018 ilipigwa marufuku kwao, kisha mahakama ikaruhusu ioneshwe kwa siku 7. Ni wasichana wawili wa Nairobi, baba zao wanashindana kwenye uchaguzi, na urafiki wao unageuka mapenzi. Sikushauri umpe wala usimpe mdogo wako, hilo ni la nyumbani kwenu. Ila usiweke kapu moja na Wadjda. Kila moja ina habari yake.

Na yetu je? Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ya 2021, imetoka kwenye riwaya ya Adam Shafi ambayo wengi wetu tuliisoma skuli, na imechezwa hapa hapa Unguja. Zanzibar ya miaka ya 1950. Yasmin, binti wa Kihindi, ameozwa mume aliyemzidi umri kupita kiasi, anakimbia ndoa, jamaa zake hawamtaki. Watu wakiizungumza wanazungumza Yasmin na Denge, mapenzi na siasa ya kumwondoa Mwingereza. Mimi namtazama Mwajuma, aliyechezwa na mwimbaji Siti Amina. Mwajuma wa mtaa wa Ng'ambo, mpenda taarabu, asiyejali watu wanasema nini, ndiye anayemfungulia mlango. Hana undugu naye, si wa kabila lake, hana faida anayoitafuta. Anamwambia aingie, anampa pa kulala. Denge bila Mwajuma asingepata hata mtu wa kumpenda, maana Yasmin angekuwa ameshasombwa na dunia. Sijaona mtu hata mmoja akiiita hiyo filamu ya urafiki, na mimi naiita hivyo.

Sasa la kufanya. Usimnyang'anye simu, atatazama kwa mwenzake na huko huna hata nafasi ya kuchungulia. Wala usikae pembeni yake kama msimamizi wa mtihani. Mwambie umesikia kuna filamu ya msichana na baskeli, muiangalie sebuleni na mama yenu akiwepo. Wadjda ni ya Kiarabu, maandishi ya chini ni Kiingereza, kwa hiyo mwachie yeye amtafsirie mama. Ya pili iwe Vuta N'kuvute. Mustang mtafutie siku nyingine, baada ya kuitazama peke yako, kwa sababu mmoja wa wale ndugu anajiua na si vizuri msichana wa miaka 16 akutane na hilo saa saba usiku chini ya shuka. Na akikuuliza kuhusu Yasin, njoo hapa utuambie ulimjibu nini.