Google Inakupeleka Kusikojulikana? Usikimbilie Kupiga Window

Wiki hii maswali karibu yote ni ya aina moja: mtu anasachi kitu Google, anajikuta kwenye ukurasa asioujua. Hela ya korosho imeingiza laptop nyingi majumbani na kila mtoto anabofya anachokiona, kwahiyo sishangai. Nimechukua machache yanayobeba na ya wengine.

"Habari za kazi kaka. Nikisachi kitu, juu pale linapita jina nisilolijua halafu inafunguka Yahoo wakati mimi natumia Google. Fundi wa hapa kapiga window mara 2, kila mara elfu 20, jioni yake tu inarudi. Ni kirusi gani hiki?" (Mwalimu, Newala)

Nzuri mwalimu, na pole kwa hiyo elfu 40. Hicho hakikai kwenye Windows, ndo maana kupiga window (kufuta Windows yote na kuiweka upya) hakujasaidia. Ninazoletewa zenye shida hii nyingi ni eksitensheni, kale kaprogramu kanakojipachika ndani ya Chrome, na walimu wengi wanakapata siku wanatafuta cha kugeuza PDF iwe Word ili wahariri mtihani. Kakishaingia kanabadilisha injini ya kutafuta, swali lako linapita kwanza kwa walioitengeneza, wao wanalipwa kwa watu wanaowapitisha huko, halafu wanakutupa Yahoo au Bing. Yahoo yenyewe haina kosa, msihangaike kuifuta.

Sasa kwa nini inarudi. Ukishapigiwa window kitu cha kwanza unaweka Chrome, unaingia na Gmail yako, na kama sinki (ile ya kuhifadhi vitu vya Chrome kwenye akaunti yako) imewashwa basi Google inakurudishia kila ulichokuwa nacho: kurasa ulizohifadhi, paswedi, na kale kaeksitensheni kenyewe. Umefua shuka, kunguni wako kwenye godoro.

Fanya hivi. Kule juu unapoandika anwani andika chrome://extensions, kila usichokumbuka kukiweka kiondoe, sio kukizima, kukiondoa, na ufanye hivyo sinki ikiwa bado imewashwa ili kitoke mpaka kwenye akaunti. Kama una kompyuta nyingine unayotumia Gmail hiyohiyo, kagua na hiyo. Halafu ingia setingi, upande wa injini ya kutafuta rudisha Google na lile jina geni lifute kwenye orodha, angalia na ukurasa unaofunguka mwanzo. Kisha bonyeza Reset settings, hiyo haifuti paswedi ulizohifadhi wala kurasa zako, watu wanaiogopa bure. Ukimaliza fungua orodha ya programu za Windows, ipange kwa tarehe, kilichoingia siku shida ilipoanza na hukijui kitoe. Mwisho shusha AdwCleaner, programu ya kusaka vitu vya namna hii, kutoka tovuti ya Malwarebytes wenyewe, ni ya bure na haihitaji kuinstoliwa, iache ikague kisha uwashe kompyuta upya.

Mafundi wenzangu mnaosoma hapa, hili naliongea kwa uchungu. Kuna mama wa Mikindani aliniletea laptop mwaka jana, ilishapigwa window kwa shida hiihii, na fundi hakuuliza kama kuna kitu cha kuhifadhi. Picha zote za harusi ya binti yake zilikuwa kwenye desktopu. Nilijaribu kuzirudisha siku 2 nikapata picha 11, nyingine zinafunguka nusu. Na lile tatizo lililoleta yote hayo nilikuta bado lipo, likatoka kwa dakika 10. Muulizeni mteja kabla hamjafuta kitu chake, jamani, ni sentensi moja tu.

"Kona ya chini kulia inanitokea kwamba kompyuta ina virusi 5 na nibonyeze kusafisha, hata kama sijafungua kitu." (Shangani, Mtwara)

Usibonyeze. Sio virusi, ni tangazo, na ruhusa ulitoa mwenyewe siku unatafuta linki ya mechi ukaambiwa ubonyeze Allow ndo video icheze. Ingia setingi za Chrome, sehemu ya arifa za tovuti, toa kila tovuti isiyo na kazi. Na mtu wa mpira anisikie vizuri, hakuna video halali inayohitaji uiruhusu ikutumie arifa ndipo icheze. Kama inakutaka kwanza uapdeti Flash Player, funga palepale, Flash ilizikwa tarehe 31 Desemba 2020, anayekuapdetia leo anakuwekea kitu kingine.

"Kaka naomba antivairasi nzuri ya bure." (wengi, kila wiki)

Defender iliyomo ndani ya Windows inatosha. Nimeshajibu hili mara nyingi na nitaendelea kujibu hivihivi. Isipokuwa mnaizima wenyewe ili craki (programu ya kulipia iliyovunjwa isilipiwe) ya IDM, ile ya kushushia mafaili, au ya Office iingie, kisha mnauliza virusi vimetoka wapi. Maelekezo ya craki yakikwambia "zima antivairasi kwanza", hapo umeombwa ufungue mlango.

"Nina steshenari Lindi mjini. Chrome imeandika inasimamiwa na shirika, sehemu ya kubadilisha injini imefifia haibonyezeki. Mimi sina shirika lolote." (Lindi)

Dada, hapo ameingia aliyeandika sera, yaani amri za lazima, kwenye rejista ya Windows (daftari la setingi zake), kwahiyo Chrome inajiona ipo ofisini na inatii. Hakikisha kwa kuandika chrome://policy, utaona kilicholazimishwa. Kama kompyuta ni ya mwajiri iache hivyo, na kuna antivairasi nyingine nazo huweka sera yake, kwahiyo soma jina kabla hujaanza kufuta. Kama ni ya kwako kweli na jina hulijui, ipitishe AdwCleaner kwanza, mara nyingi inamaliza. Ikibaki fungua regedit, programu ya kuhariri rejista, nenda HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Policies\Google, toa nakala ya folda ya Chrome uiweke pembeni, kisha ifute, angalia na upande wa HKEY_CURRENT_USER njia hiyohiyo, washa upya. Kama mkono unatetemeka kwenye rejista mwite anayejua, hapo sio pa kubahatisha.

Ila dada kinachonitisha zaidi ni hiyo kazi yako. Kwako wanakuja watoto kuomba mkopo, kuangalia matokeo, kuomba ajira, wanaandika namba za NIDA na paswedi kwenye mashine ambayo mtu mwingine ndo anachagua ukurasa gani utokee juu. Mpaka uisafishe usimhudumie mtu humo. Na baada ya hapo acha kabisa kusachi hizo ofisi, andika anwani yenyewe: heslb.go.tz, necta.go.tz, ajira.go.tz. Mwisho wake uwe .go.tz, hiyo inatolewa kwa serikali tu. Ukurasa ukifanana na wa bodi ya mikopo mpaka nembo lakini mwisho wake ni kitu kingine, mwambie mtoto asiandike hata jina.

"Nimesafisha kila kitu ila nikibonyeza alama ya Chrome kwenye desktopu inaanza na ule ukurasa." (Nachingwea)

Bonyeza kulia alama hiyo, fungua Properties, mstari wa Target uishie chrome.exe" basi. Kilichoandikwa mbele yake kama ni anwani ya tovuti, kifute.

"Hapa nyumbani simu, laptop, zote tukiwa kwenye waifai zinatupeleka kwenye matangazo, tukitumia bando la simu hakuna shida." (Masasi)

Umeuliza vizuri sana, ungekuwa umekuja na swali nusu ningekupoteza. Kama vyote vinaugua pamoja na kwenye bando vinapona, tafuta kwenye rauta, kile kifaa kinachotoa waifai. Kuna mtu kaingia akabadilisha DNS, ile inayoiambia mashine tovuti fulani iko wapi, na aliingia kwa sababu paswedi ya rauta bado ni admin. Irudishe rauta kama ilivyotoka kiwandani, badilisha paswedi ya kuingilia rauta yenyewe (sio ya waifai peke yake), DNS weka 1.1.1.1 ya Cloudflare au 8.8.8.8 ya Google. Ujanja huu ni wa zamani, mwaka 2011 polisi wa Estonia wakishirikiana na FBI ya Marekani walikamata genge lililobadilisha DNS za kompyuta kama milioni 4 duniani kwa kirusi kinaitwa DNSChanger, nao pia walikuwa wanatafuta hela ya matangazo.

"Kompyuta yangu inasumbua nifanyeje?" (hakusema yuko wapi)

Inasumbua vipi? Windows gani? Tangu lini? Niandikie tena.

"Shikamoo. Nimenunua laptop ya mtumba kwa hela ya korosho, ukurasa wa mwanzo sio Google na kuna Gmail ya mtu humo. Niisafishe kama ulivyosema siku zote?" (Tandahimba)

Marahaba mdogo wangu. Hapana, wewe hiyo ipigwe window, tena yote, futa mpaka partisheni (vile vigawanyo vya diski). Hujui nani kaishika na nini kimo, na wewe huna cha kupoteza bado. Chukua flashi tupu ya GB 8 au zaidi, shusha Windows kutoka tovuti ya Microsoft wenyewe, sio ile flashi ya fundi iliyozunguka wilaya nzima. Kabla ya hapo angalia kama inapokea Windows 11, maana Windows 10 iliacha kuapdetiwa kwa kawaida tangu tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa za Intel za chini ya kizazi cha 8 karibu zote hazikubaliwi kwenye Windows 11. Kama yako ni ya chini ya hapo na muuzaji bado anapatikana, mrudie leo.